Fundi Viatu Aingia kwa Daktari

Fundi viatu na binti yake walifanya kazi kwenye kibaraza kimoja. Baba aligonga soli, binti alishona sare za shule kwa cherehani. Asubuhi hiyo cherehani ilinyamaza.

"Baba, vimulimuli vimeanza tena machoni." Mkono wake wa kulia ukalegea kama kitambaa kilicholowa. Ulimi ukawa mzito. Kisha kichwa kikaanza kumgonga upande mmoja.

Jirani, muuguzi mstaafu, alikuwa ameleta kiatu. "Tunaondoka sasa hivi. Mkono ukilegea ghafla, ni hospitali moja kwa moja."

"Tumeshaenda mpaka tumechoka," fundi alilalama garini. "Foleni haisogei. Akiingia, mkono umesharudi. Picha ya ubongo safi. Wanasema ni uchovu. Sasa hata mwenye sare, anayempa kazi ya kushona, anamwita mvivu, anataka kumnyang'anya kazi. Wakubwa wamekalia viti tu."

"Na wewe humweleza nini daktari?"

"Mimi? Mimi huwa getini, nagombana na mlinzi."

"Makubwa haya. Aliyeona yote yuko getini, na mgonjwa hawezi kueleza. Daktari aote? Leo ingia. Sema kilichoanza na kilichofuata. Kuna ndugu aliyewahi kuugua hivi?"

"Marehemu mama yake. Mkono ulimlala, kisha kichwa. Tukasema ameulalia vibaya."

"Hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

"Si nimekuuliza mimi?"

Hospitalini fundi aliingia kwa daktari, akasimulia yote. Daktari alisikiliza, akauliza, akapima upya. Majibu yalipotoka alisema, "Hiki ni kipandauso cha aina adimu. Hulegeza upande mmoja wa mwili kwa muda, kwa hiyo hufanana na kiharusi. Mara nyingi hurithiwa. Picha haikionyeshi. Tunakijua kwa maelezo, baada ya kuhakikisha si kiharusi wala ugonjwa mwingine."

"Kwa hiyo sijifanyi?" binti aliuliza.

"Hujifanyi, dada."

Binti akacheka huku machozi yakimtoka. Fundi akajishughulisha na kamba za viatu vyake.

Daktari alimpa dawa ya kuzuia. Akamwonya asinunue dawa nyingine ya kipandauso bila kuuliza, kwani baadhi hazimfai. Akaandika barua kwa mwenye sare.

Siku hizi vimulimuli huja mara chache, na cherehani inanguruma. Foleni ya kliniki bado ni ndefu, na fundi bado analalama. Ila sasa analalama akiwa ndani kwa daktari, kando ya kiti cha binti yake.