Kile Gari Lilichozaliwa Nacho

Bibi Oguma Chiyo alikutwa ameketi. Hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Shirasawa tangu mwanzo.

Mtu akigongwa na gari hulala. Huyu alikuwa ameketi kando ya barabara ya mashambani, mgongo ameuegemeza kwenye kijumba cha mawe cha sanamu ya Jizo, mlinzi wa wasafiri. Skafu yake ilikuwa imefungwa vizuri shingoni. Theluji ya usiku kucha ilikuwa imemfunika hadi kifuani, na koleo alilotoka nalo nyumbani jioni, kwenda kumwondolea Jizo theluji kichwani, lilikuwa limesimamishwa pembeni yake. Dereva wa greda la theluji ndiye aliyemwona alfajiri.

"Nyonga imevunjika, damu imevujia ndani," alisema daktari wa uchunguzi wa maiti. "Lakini kilichomuua ni baridi. Aliishi saa nzima baada ya kugongwa, pengine zaidi."

"Angefikishwa hospitali?"

"Sasa hivi angekuwa anakilalamikia chakula cha wodini."

Shirasawa hakucheka, wala daktari hakukusudia acheke.

Nyumba ya marehemu ilikuwa pale pale juu ya mteremko. Taa yake ilionekana kutoka kwa Jizo. Mumewe, mzee Oguma Yoshizo, alianza kuja kituoni kila wiki, kofia mkononi, na hata siku moja hakuuliza nani aliyemuua mkewe. Swali lake lilikuwa jingine.

"Inspekta, aliniita?"

"Bado hatujui, mzee wangu."

"Nilikuwa nimelala, miguu chini ya meza ya kupashia joto. Nilipoamka kumekucha. Na haya masikio yangu ni mapambo tu, unayaona." Akayavuta yote mawili. "Kama aliniita nami sikusikia, niambie. Jambo ninalolijua nitaishi nalo. Hili nisilolijua ndilo linalonila."

Shirasawa alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, magoti yameisha, na kesi za namna hii alishazizika nyingi. Kila jioni kabla ya kulala alikunja mikono akaomba, maneno machache, kama alivyofundishwa na mama yake. Hakuomba apate mkosaji. Aliomba theluji iyeyuke, kwa sababu greda lilikuwa limesukumia kila kitu mtaroni, na mtaro ulikuwa umelala chini ya theluji yenye kimo cha mtu na nusu.

Ikayeyuka mwezi wa nne.

Yeye na Sajini Inomata Kaori walipiga magoti mtaroni wakichekecha tope kama watafuta dhahabu.

"Inspekta, magoti yako yanalia mpaka nayasikia huku," alisema Inomata.

"Yaache. Yana haki yao."

"Ningekuwa wewe ningeketi garini nikaagiza tu. Vyeo ni vya nini?"

"Chekecha, binti."

Inomata ndiye aliyekiona: kifuniko cha plastiki, kikubwa kama kiberiti, kimevunjika kishikizo. Alikiosha kwa maji ya chupa. Rangi ikatokea, kijani cha majani ya chai.

Maabara haikuchelewa. Kifuniko kilikuwa cha kioshea taa, kile kidude kinachochomoza kwenye bampa na kurusha maji kwenye taa za mbele zikijaa theluji au tope. Kilitoka kwenye gari la michezo ambalo kiwanda kiliacha kulitengeneza zamani, na rangi ile ilipakwa kwa muda mfupi tu. Tena si kila gari lilikuwa na vioshea. Vilikuwa vifaa vya hiari. Mnunuzi wa kwanza ndiye aliyechagua kuongezewa alipoagiza gari lake jipya.

Magari ya kijani kile mkoani hayakuwa mengi. Wapelelezi waliyakagua. Yaliyokuwa na vioshea, vifuniko vyake vilikuwepo salama. Likabaki moja, lililouzwa mwezi wa tatu. Mwenyewe alikuwa Kamijo Genzo, toji, yaani mkuu wa wapishi, wa kiwanda cha pombe ya mchele ng'ambo ya mto.

Kamijo aliwapokea mlangoni akiwa na koti la buluu la kiwanda, mikono myeupe kwa unga wa mchele.

"Langu halikuwa na vidude hivyo, Inspekta. Nililinunua mtumba, na nililikuta hivyo hivyo, kavu."

"Kwa nini uliliuza?"

"Mgongo. Lile gari liko chini kama mkeka. Kuingia ni rahisi. Kutoka unahitaji wabebaji."

Alisema kwa utaratibu, akawapa chai, akawasindikiza hadi barabarani. Inomata alitikisa kichwa walipoondoka.

"Mtu safi."

"Safi sana," alisema Shirasawa kwa uchovu. "Twende tukalione gari."

Gari lilikuwa mjini Nagaoka, kwenye duka la magari yaliyotumika la bwana mmoja mnene aitwaye Nezu. Aliwapokea kwa mikono miwili.

"Karibuni, karibuni! Polisi nao wanataka gari la michezo? Mishahara imepanda?"

"Tunataka kujua lile la kijani lilitoka kiwandani na nini," alisema Inomata.

"Halikutoka na kitu, dada. Viti vya kawaida, redio ya kawaida, taa bila vioshea. Hata kwenye tangazo nimeandika. Nililinunua kwa bei ya gari kavu."

"Ulijuaje kwamba ni kavu?"

"Kwa macho. Kisichokuwepo hakipo."

"Na kile kibati chini ya boneti?" aliuliza Shirasawa.

"Kibati kitakwambia rangi, injini na giaboksi. Vifaa vya hiari hakisemi. Karatasi za mauzo ya kwanza ndizo zingesema, na mwenyewe aliniambia zimepotea."

Kiwanda cha magari nacho kilikuwa kimeshajibu kwamba maagizo ya miaka ile hayakuhifadhiwa. Shirasawa alipitisha kiganja kwenye bampa. Lilikuwa laini, bila tundu.

"Limepakwa rangi upya."

"Bampa la umri huu lisilopakwa upya nionyeshe, nami nitakuonyesha samaki mwenye viatu."

"Tuseme mtu amelibadilisha. Amelitoa lenye vioshea, akaweka la gari jingine lisilo navyo. Gari lenyewe lina namna ya kutuambia?"

Nezu aliacha kucheka. Alijikuna shingo.

"Bampa ni shati tu, Inspekta. Kiwanda kikifunga vioshea, kinafunga na nduguze: tanki, pampu, waya, swichi. Mtu mvivu atabadilisha shati."

Alilipandisha gari juu kwa mashine, akafungua plastiki iliyoko nyuma ya gurudumu la mbele, akaingiza tochi na kichwa chake chote.

"Ee bwana wee."

"Nini?"

"Tanki la maji ya kuoshea kioo peke yake ni dogo, kama birika la chai ya watu wawili. Hili ni pipa. Na tazameni, nafasi ya pampu mbili. Moja ipo, ya kioo. Ya pili imetolewa, tundu limezibwa kwa boliti. Boliti halina hata kutu."

Wakalishusha. Nezu akajipenyeza kwenye kiti cha dereva, tumbo likabana usukani. Kushoto kwa usukani kulikuwa na vifuniko vitupu vya mahali pa swichi. Vyote vilikuwa vimefifia kwa jua isipokuwa kimoja, cheusi tii. Akaking'oa kwa ukucha. Nyuma yake ukatokea waya wenye kichwa chake cha kiwandani, umezungushiwa utepe mpya.

"Lilizaliwa navyo," alisema kwa sauti ya chini. Kisha hasira ikampanda. "Lakini mtu gani mwenye akili? Gari hili likiwa na vioshea vyake bei inaruka! Watu wanavitafuta kwa udi na uvumba, wengine wanabandika vya bandia. Nimewaona waongo wa kila aina wakisifia magari yao. Sijapata kuona anayelifanya gari lake kuwa maskini kuliko lilivyo."

"Sababu anayo," alisema Shirasawa. Aliketi juu ya tairi, ghafla amechoka kabisa.

"Bampa lenyewe atakuwa ameshalichoma," alisema Inomata.

"Hathubutu," Nezu akajibu. "Dada, yule bwana aliponiletea gari alilipangusa kwa kitambaa cha hariri. Kabla ya kuondoka akaliinamia, kama anayemuaga mkwewe. Sisi watu wa namna hiyo hatutupi kitu cha kiwandani, hata skrubu. Bampa lile halitengenezwi tena popote. Tafuteni penye giza na pakavu."

Walirudi kiwandani kwa Kamijo na hati ya upekuzi. Bampa lilikuwa darini, juu ya chumba cha kimea, limeviringishwa kwenye nguo nyeupe za kufunikia mchele uliochemshwa, limelazwa kwa upole kama mtoto mchanga. Kioshea cha kulia kilikuwa na kifuniko. Cha kushoto hakikuwa nacho. Inomata alichukua kile cha mtaroni akakisogeza. Kishikizo kilichovunjika kikakutana na kipande chake.

Katika chumba cha mahojiano chai ilipoa bila kuguswa.

"Bampa ni lako?"

"Ni langu."

"Kwa nini hukulichoma?"

"Nililishusha hadi mlangoni mwa tanuri, mara mbili. Mikono ilikataa." Kamijo alizungumza akiitazama meza. "Halitengenezwi tena."

"Na Bibi Oguma," aliuliza Inomata, "anatengenezwa wapi?"

Kamijo aliinama mpaka paji la uso likagusa meza. Alikaa hivyo. Shirasawa alimwacha, alijua kwamba kichwa kikifika pale, maneno hayako mbali.

"Nilikuwa nimeonja tangu asubuhi," alisema hatimaye. "Pipa kubwa lilikuwa kwenye siku zake za mwisho za kuchacha. Kila saa unaonja. Ukionja unatakiwa uteme. Mimi niliacha kutema zamani."

"Ukaendesha."

"Nilikwenda nyumbani kubadilisha nguo, nirudi. Kulikuwa kunaingia giza. Sikumwona."

"Ukasimama."

"Nilisimama."

"Simu ulikuwa nayo?"

"Mfukoni."

"Kwa nini hukupiga?"

"Mngenipima pumzi. Toji mlevi. Kiwanda kingefungwa, vijana wangerudi makwao mikono mitupu..."

"Hayo ni ya kumwambia hakimu," alisema Shirasawa kwa upole. "Mimi niambie ya kweli."

Kamijo aliinua kichwa akamtazama.

"Pombe ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupika. Nilitaka kuwepo siku ya kuikamua. Ni hilo tu. Nilitaka niionje imekamilika."

Inomata aliacha kuandika.

"Uliionja?" aliuliza.

"Niliionja. Na msibani nikapeleka chupa mbili." Akaanza kulia bila sauti.

Shirasawa akauliza lile ambalo sheria haikumtaka aliulize.

"Alipiga kelele? Alimwita mtu?"

"Hapana. Nilimnyanyua nikamketisha kwa Jizo, nikamfunga skafu. Alilitambua koti la kiwanda. Akaniambia, 'Samahani, nimekusimamisha wakati wa kazi.' Akasema ameteguka tu, atapumzika kidogo kisha atapanda. Nikamuuliza niende nikamwite bwana wake. Akasema, 'Mzee amelala, usimwamshe. Kutwa nzima alikuwa juu ya paa akiondoa theluji.'"

"Nawe ukaondoka."

"Alikuwa amenipa ruhusa."

"Ile ilikuwa adabu, Toji."

"Ndiyo."

"Na ulijua ni adabu."

"Nilijua."

Shirasawa alikwenda peke yake kwa mzee Oguma. Alivua viatu, akawasha kijiti cha ubani mbele ya madhabahu ya nyumbani, akakunja mikono akakaa hivyo kitambo. Kisha akageuka, akaeleza nani na kwa nini. Mzee aliitikia kwa kichwa kama anayesikiliza habari za mji mwingine.

"Na mimi je? Aliniita?"

"Hakukuita, mzee wangu."

"Ati?"

"Hakukuita!"

"Sema kwa nguvu, bwana. Masikio haya."

Inspekta Shirasawa, ambaye kwa miaka yote ya kazi yake hakuwahi kupaza sauti kwenye nyumba ya msiba, alivuta pumzi akapiga kelele mpaka vikombe vikalia rafuni:

"HAKUKUITA! ALISEMA UMELALA! ALISEMA USIAMSHWE, UMECHOKA NA THELUJI YA PAA!"

Mzee alibaki amekodoa macho. Mkono ulimtoka gotini, ukarudi, ukatoka tena. Machozi yalipita kwenye mikunjo ya mashavu taratibu, kila moja likitafuta njia yake.

"Niliyakataza hayo tangu tukiwa vijana," alisema. "Nilimwambia, niamshe. Hata kwa jambo dogo. Niamshe tu."

Akaigeukia picha ya mkewe madhabahuni.

"Mbishi wewe," akamwambia.