Picha Haina Masikio

Nyumba ile ya Ndia Kuu ilikuwa imefungwa tangu kabla ya reli, hata kufuli lake ilibidi livunjwe kwa nyundo, lakini asubuhi hiyo uani kulinukia udi uliofukizwa sasa hivi. Bi Sheikha aliuliza nani amefukiza.

Jaffar, mtoto wa kaka yake, hakuwa na nafasi ya kunusa udi. Mwaka huo wa 1913 alikuwa amerudi kutoka Bombay na mashine ya sinema na kichwa kikubwa, akitaka kutengeneza picha ya mama na binti waliokosana. Mwanamke wa Mji wa Kale wa kuonyesha uso wake hakupatikana, basi akamng'ang'ania shangazi yake mpaka akakubali kwa shingo upande. Wa kuigiza binti alikuwa Zein, mchekeshaji wa harusini, kajitanda leso, ndevu kazinyoa jana.

Kufikia adhuhuri walikuwa wamerudia mara tisa.

"Shangazi, hasira hazionekani!" Jaffar alifoka. "Wasimama kama uliyekuja kuposa!"

"Mama akikasirika kweli hunyamaza," alisema Sheikha. "Ni mwezi wa saba sasa sijasema na mwanangu Mona. Umesikia kelele kwangu?"

"Mukinyamaza nyote wawili watu watalala. Mwambie wewe si mamake!"

"Neno hilo silitamki. Neno la mzazi halichezewi."

"Picha haina masikio! Atakayesikia ni nani?"

Mona, binti wa pekee wa Sheikha, aliolewa na Crispus, fundi wa reli kutoka bara, bila radhi yake. Sasa alikuwa na mimba ya kwanza, na mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti. Binti alingoja kufuatwa, mama alingoja kuombwa, ukaidi mtupu. Lakini Sheikha alikwisha kata shauri: Ijumaa angekwenda kumchukua. Alikuwa na hamu naye.

Mara ya kumi Zein aliangua kicheko. Jaffar akabwaga kofia chini, akalia kwamba jua lamkimbia na shangazi amharibia kazi kwa makusudi. Nyongo ikampanda Sheikha. Akamgeukia Zein, na chini ya ile leso akauona ukaidi wa Mona.

"Mimi si mamako! Katafute mama mwengine!"

"Nimekubali," ilijibu sauti ya mwanamke kutoka ghorofani, taratibu.

Jaffar aliacha kuzungusha mpini wa mashine.

"Kuna nani juu?" alinong'ona Zein.

"Hakuna. Chumba cha juu kimepigwa misumari mlangoni," alisema Jaffar.

Wakasikia mitalawanda, vile viatu vya miti vya wanawake, ikishuka ngazi moja baada ya moja, bila haraka, na jua li wazi na ngazi waiona yote na hakuna mguu juu yake, mpaka ikafika uani, ikapita baina yao, na ule udi ukampangusa Sheikha shavuni kama mkono wa mtu anayemjua, kisha mlango wa mbele ukafunguka wenyewe na nyayo zikashika njia ya Mwembe Tayari, kwa Mona.

Sheikha alikimbia. Alikimbia bila viatu, kitambaa cha kichwa kikimdondoka, akipigana vikumbo na wachuuzi, akilia njia nzima, "Nimelifuta! Neno lile nimelifuta!" na kila alipovuta pumzi udi ulikuwa mbele yake.

Alipobisha, Mona alifungua nusu mlango. Tumbo lilikuwa kubwa, nywele zimesukwa upya, zinang'aa mafuta.

"Mona, mwanangu. Nimekuja kukuchukua. Nisamehe."

Mona alimtazama toka miguu mitupu hadi kichwani, kwa upole, kama anavyotazamwa maskini aliyepotea.

"Nani huyo, mwanangu?" aliuliza mtu chumbani, na sauti ilikuwa ya Sheikha mwenyewe.

"Simjui, mama," Mona alijibu, akafunga mlango.