Salamu Zilizomaliza Vocha

Mzee Ambindwile wa Kinyala hakuwa mtu wa kusalimia kwa haraka. Ukikutana naye njiani asubuhi, jiandae. Atakuuliza umelalaje. Atauliza mkeo kalalaje, watoto wamelalaje, na ng'ombe wamelalaje. Kisha atauliza kama kwenu mvua imenyesha, na kwenu ni hapo tu nyuma ya migomba yake. Ndivyo alivyolelewa. Kwake yeye, mtu anayesalimia kwa neno moja ana jambo analolificha.

Aliishi na mkewe, Mama Erasto, na mkwe wao, Atupakisye. Erasto mwenyewe alifanya kazi kiwanda cha chai na alirudi Jumamosi tu.

Kwa mkwe huyo ndipo salamu za mzee zilipokwama. Mila ya Wanyakyusa inasema mke wa mtoto wako hakutazami usoni wala hasemi nawe. Ni heshima. Siku hizi wengi wameilegeza, lakini nyumba ya Ambindwile iliishika barabara. Mzee akiingia mlango wa mbele, Atupakisye hutoka mlango wa nyuma. Kwa miaka sita walikula chakula cha sufuria moja bila kuambiana hata "habari". Mzee alimpenda mkwe wake kwa bidii na adabu yake. Ila hakuwa na njia ya kumwambia, na jambo hilo lilimuuma.

Mwaka huo ndizi zilizaa kupita kiasi. Soko la Tukuyu lilijaa mpaka wanunuzi wakaanza kuringa.

"Zikiivia mgombani zitaliwa na ndege," alisema Mama Erasto. "Nenda Karonga, baba. Mipaka imefunguliwa, watu wanauza."

Karonga iko Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Wangonde wa huko na Wanyakyusa ni ndugu, wanasikilizana. Wakapanga hivi: mzee atafute mnunuzi, kisha apige simu. Hapo ndipo mikungu ikatwe. Isikatwe mapema, maana ndizi ikishakatwa haisubiri mtu.

Simu zilikuwa mbili. Moja ya mzee, ya pili alibaki nayo Atupakisye. Mama Erasto alikuwa haoni herufi ndogo, na simu aliiogopa kidogo.

Jumapili, baada ya ibada, mzee alisimama mbele ya waumini akainua simu yake juu.

"Nimeweka vocha ya elfu kumi," alitangaza. "Na laini yangu nimefunguliwa huduma ya nje. Nitakuwa Malawi, lakini nitapatikana kama niko hapa. Nipigieni!"

Watu wa Kinyala ni wasikivu. Walipiga.

Jumanne mzee alifika Karonga. Hajakaa vizuri, simu ikalia. Alikuwa Asukile, mzee wa kanisa.

"Ugonile, Ambindwile! Huko umelalaje?"

"Nimelala vizuri! Nanyi mmelalaje? Ng'ombe wako je?"

Waliwamaliza ng'ombe, wakaingia kwa mbuzi. Baada ya Asukile akapiga Geresoni, jirani. Huyu alitumia dakika tatu kuuliza, "Unanisikia?" na mzee dakika tatu kujibu, "Nakusikia!" Kisha wakaanza salamu zenyewe. Mzee alifurahi sana. Aliyepiga ndiye anayelipa, alijua hivyo. Kwa nini amkatishe mtu anayelipa?

Jumatano asubuhi alimpata mnunuzi, Simon, mtu mwenye lori lake na maneno machache.

"Ijumaa asubuhi nitakuwa Kinyala," alisema Simon. "Nikute mikungu sitini barabarani. Nisipoikuta, ninakwenda kupakia Masukulu. Sirudi."

Mzee alitoa simu apige nyumbani. Simu ikakataa. Akaangalia salio. Sifuri! Elfu kumi nzima, na tangu avuke Songwe hajapiga hata mara moja.

"Nimeibiwa!" alipiga kelele katikati ya soko. "Wamalawi, mmeninyonya vocha!"

Watu waligeuka. Mama mmoja mwenye kibanda cha simu alimwita. Jina lake Lilian.

"Baba, njoo ukae. Vocha hainyonywi. Ulipokea simu ngapi jana?"

"Nilipokea nne. Lakini kupokea ni bure!"

"Kupokea ni bure ukiwa kwenu. Hapa laini yako ni mgeni. Aliyekupigia alilipa nauli ya simu mpaka mwisho wa nchi yenu. Kutoka mpakani mpaka sikioni kwako, nauli uliilipa wewe."

Mzee alikumbuka mbuzi wa Asukile, mmoja mmoja.

"Kwa hiyo mbuzi wale niliwalipia mimi?"

"Uliwalipia. Na salio likiisha, hata kupokea huwezi."

"Sasa nifanye nini, mama? Ndizi zangu zinaenda kuoza!"

"Toa laini yako uitunze. Nunua laini ya hapa. Mtu akikupigia kwenye laini ya hapa, wewe hulipi kitu. Ila kabla hujanunua laini nchi yoyote, uliza bei ya kupiga kwenu, na bei ya ujumbe. Zinatofautiana."

Mzee alinunua laini. Ya kwao aliifunga kwenye leso akaiweka ndani ya kofia. Akapiga namba ya nyumbani. Haikwenda.

"Ile sifuri ya mwanzo ya namba yenu iache," Lilian alimwambia. "Weka namba ya nchi yako badala yake. Anza na 00255, halafu endelea."

Safari hii iliita. Ikapokelewa.

"Haloo? Haloo! Ni mimi!"

Kimya. Aliyepokea alikuwa Atupakisye. Namba ilikuwa ngeni, hakujua ni nani. Aliposikia sauti ya baba mkwe alifanya lililo sahihi kimila. Aliiweka simu juu ya kigoda, akaifunika kwa kitenge, akatimua mbio kumtafuta Mama Erasto mgombani.

Mzee alisikia kuku. Alisikia ng'ombe wake akilia. Alisikia redio ikitangaza hali ya hewa.

"Haloo!" aliwapigia kelele kuku.

Mwishowe alisikia mtu akihema. "Baba Erasto? Uko ndani ya kitenge?" Simu ikakatika. Salio limekwisha.

Lilian alicheka mpaka akashika meza. Mzee alipomweleza ile mila, aliacha kucheka.

"Na sisi Wangonde tunayo," alisema. "Tuma ujumbe, baba. Ujumbe ni rahisi kuliko kupiga, na unamsubiri mtu mpaka ausome."

"Atakayeusoma ni mkwe. Nitasemaje na mkwe?"

"Mila inakataza nini?"

"Kutazamana na kusema."

"Kuandika je?"

Mzee alifikiri. Alipitia mafundisho yote ya marehemu baba yake. Hakuna mahali baba yake aliposema kitu kuhusu ujumbe wa simu.

"Andika," alisema, akanunua vocha nyingine. "'Ugonile, mkwe. Natumaini umeamka salama. Mimi niko salama. Mama Erasto naye ameamkaje? Kuku nimewasikia, wazima. Ng'ombe...'"

"Simama hapo! Ukiendelea hivi, utakuwa ujumbe wa pili. Ukizidi herufi mia na sitini, unalipa mara mbili. Na ndizi bado hujazitaja!"

Walikata. Mzee aliumia kila salamu ilipofutwa. Waliwatoa kuku. Wakamtoa ng'ombe. Mwisho ukabaki hivi:

KATENI MIKUNGU 60 ALHAMISI JIONI. LORI IJUMAA ASUBUHI. HII NDIYO NAMBA YANGU YA HUKU. NAKUSALIMU MKWE. BABA.

"Hata hilo la salamu tungelifuta," alisema Lilian.

"Hilo hapana," alisema mzee. "Nimelisubiri miaka sita."

Muda haukupita simu ikalia kidogo. Lilian akasoma: NIMEPATA BABA. TUTAKATA 60. NG'OMBE AMEZAA NDAMA JIKE. SALAMU NA KWAKO. ATUPAKISYE.

"Ameandika 'baba'?"

"Ameandika."

"Nisomee tena."

Lilian alimsomea mara tatu. Mzee alivua kofia akajifuta macho, na laini ya nyumbani nusura imdondoke.

Ijumaa walivuka daraja na lori la Simon. Upande wa Tanzania mzee akarudisha laini yake na kuweka vocha ndogo. Walipofika Kinyala, mikungu sitini ilikuwa imepangwa barabarani. Simon alihesabu mara mbili, akaanza kupakia bila neno. Atupakisye alipita mbali na mkungu wa mwisho kichwani, uso ameugeuzia migomba, kama inavyotakiwa.

Jumapili iliyofuata mzee alisimama tena mbele ya waumini. Aliwaeleza yote: laini ngeni, nauli ya mpakani, sifuri ya mwanzo, ujumbe mfupi. "Na ukiwa karibu na mpaka," aliongeza, "tazama jina la mtandao kwenye kioo. Simu huweza kuvuka mto kabla yako." Asukile aliinama. Ile hesabu ya mbuzi ilimfikia.

Jioni hiyo mzee alikuwa amekaa barazani na Mama Erasto, Atupakisye yuko jikoni nyuma ya ukuta. Simu ya mzee ikalia kidogo. Akasoma polepole: MAMA ANASEMA UMEKONDA BABA. NDIZI ZA MAZIWA ZIKO TAYARI.

"Jamani!" alisema Mama Erasto. "Hatua kumi tu, na mnatumiana ujumbe?"

Mzee alikuwa anatafuta herufi, moja baada ya nyingine, kwa kidole kinene. Alianza na asante ya Kinyakyusa: NDAGA FIJO MKWE. UMESHINDAJE? KUKU WAMESHINDAJE? NDAMA AMESHINDAJE?

Hapa kwao, ujumbe ulikuwa wa bei rahisi. Akaendelea na mbuzi.