Kuku Asiyeonekana Kwenye Filamu

Kila asubuhi, kabla jua halijawaka juu ya mabati ya mtaa wa Kipsongo, pembezoni mwa Kitale, Wakhungu huanza kugonga. Hugonga mapipa makuukuu mpaka yawe majiko. Akimaliza jiko moja huliweka chini na kulisukuma kwa kidole. Likiyumba hata kidogo, hulibomoa na kuanza upya.

"Baba Pauline, hilo lilikuwa sawa," mkewe Nekesa humwambia.

"Sawa kwa nani?" hujibu yeye, na kuendelea kugonga.

Tabia hiyo aliitoa Webuye. Huko alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi kwa miaka kumi na tisa. Alisimama mwisho wa mashine, akashika karatasi kwa vidole viwili, akataja uzito wake bila mizani. Mashine ziliposimama, wafanyakazi walitawanyika. Wakhungu alikuja Kitale na mke, binti mmoja na nyundo.

Jumatano moja ya mwezi wa Agosti, kijana mmoja alifika mlangoni akiwa na kamera begani.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Kiarie, natoka Nairobi. Natengeneza filamu kuhusu watu waliopoteza kazi viwandani. Niliambiwa wewe..."

Wakhungu aliinua mkono. "Kaa kwanza. Kwangu mgeni hasemi shida yake kabla hajakula."

Nekesa alikuwa na kuku mmoja tu, mwenye madoadoa. Alimtazama mumewe. Mumewe akaitikia kwa kichwa. Basi mbio zikaanza. Kuku alipita chini ya kamba za nguo, akaruka beseni, akaingia kwa jirani.

"Ziba hapo, Mama Pauline!" majirani walipiga kelele wakicheka. "Si huyo anarudi! Leo umepata mwenzako wa mbio, bana!"

Kiarie naye alikimbia nyuma yao, kamera ikipiga picha. Alicheka mpaka akashika mbavu. Wakati wa kula, Wakhungu alimpa firigisi, ambayo kwa desturi ni ya mwenye nyumba. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo katika boma la Mbukusu kama yeye.

Baada ya chakula, Kiarie alipiga picha nyingi. Alimrekodi Wakhungu akigonga bati. Alimrekodi Pauline akisugua sufuria. Pauline alikuwa na miaka kumi na tano, mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya bweni huko Bungoma, na alikuwa nyumbani kwa likizo. Kisha Kiarie akatoa karatasi mbili zilizoandikwa kwa Kiingereza.

"Ni za kibali tu, mzee. Saini hapa chini."

"Baba, wacha nisome kwanza," Pauline alisema.

"Nyamaza," Wakhungu alimkemea. "Mtu amekula kuku wangu, sasa nimkague kama askari wa geti?"

Alizishika karatasi kwa vidole viwili. "Karatasi nzuri hii," alisema kwa fahari. Akaweka sahihi, naye Kiarie akamwachia nakala. Mtu aliyetengeneza karatasi kwa miaka kumi na tisa hakusoma hata mstari mmoja.

Mwishoni mwa Septemba, Pauline alifunga shule kwa mapumziko mafupi. Ijumaa hiyo binamu wa Wakhungu, aitwaye Job, alimpigia simu kutoka Kanduyi, Bungoma.

"Niaje, mkubwa! Filamu yako inaonyeshwa leo hapa kwetu, kwenye ukumbi wa kanisa. Vaa koti, bana. Umekuwa mtu wa sinema!"

Wakhungu alivaa koti. Alisafiri na Pauline, wakakaa mstari wa pili kutoka mbele. Filamu ilianza vizuri. Kiwanda kilionekana, na wazee aliowafahamu walisema jinsi kazi ilivyokwisha na nyumba zilivyovunjika. Wakhungu alifuta macho. Yote hayo yalikuwa kweli.

Kisha akajiona mwenyewe akigonga bati. Sauti nzito ikasema: "Familia hii haijatia kitu mdomoni kwa siku mbili. Binti yao ameacha shule."

Pauline akaonekana akisugua sufuria. Ilikuwa sufuria ya yule kuku.

Mtu fulani nyuma akasema, "Maskini, ati hata mtoto!" Filamu ilipokwisha, mama mmoja mzee alimfuata Wakhungu mlangoni, akamtia mkate mkononi. "Chukua, mwanangu. Mungu ataona." Alisema kwa upendo, na kwa sababu hiyo Wakhungu hakuweza kumrudishia. Alitembea na mkate ule mpaka stendi kama mtu aliyebeba kaa la moto.

Walipofika nyumbani, Pauline alilisukuma sanduku lake la shule ukutani.

"Ijumaa ijayo wataionyesha shuleni kwetu. Tangazo liko ubaoni. Wakiionyesha hivyo, mimi sirudi."

"Nitakwenda Nairobi," Wakhungu alisema, akishika nyundo. "Nitaivunja hiyo kamera."

"Nyundo ni ya mabati," Nekesa alimjibu. "Wewe ulisaini. Kwanza tujue ulisaini nini."

Jumamosi asubuhi wote watatu walikwenda mjini Kitale kumwona Madam Chepkosgei. Mama huyo alisimamia chumba cha vitabu ambako Pauline huazima vitabu wakati wa likizo. Kila mwezi alionyesha filamu za habari za kweli, watu wakazijadili. Alizisoma zile karatasi mbili polepole, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Mzee, hapa ulisaini nini?"

"Nilisaini heshima," Wakhungu alisema. "Alikuwa mgeni."

"Mgeni hulishwa, mzee. Karatasi husomwa. Hayo mawili hayapigani." Aligeuza ukurasa. "Hapa panasema una haki ya kuiona filamu kabla haijaonyeshwa kwa watu, ukiomba. Uliomba?"

Wakhungu aliinamisha kichwa.

"Haya. Na Pauline hajafika miaka kumi na nane. Kutumia picha na habari za mtoto kunahitaji kibali cha mzazi, na katika karatasi hizi jina lake halipo kabisa. Nchi yetu ina sheria ya kulinda data, yaani habari za mtu. Kibali ulichotoa unaweza kukiondoa. Habari za uongo juu yako unaweza kudai zirekebishwe."

"Basi ifutwe yote!"

"Unaweza kudai hivyo. Lakini watengenezaji wa filamu nao wana uhuru wao kisheria, kwa hiyo huenda mkabishana. Mkishindwana, iko ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya namna hii." Madam Chepkosgei alivua miwani. "Lakini nijibu jambo moja. Yale yaliyosemwa juu ya kiwanda, ni uongo?"

Wakhungu aliwakumbuka wale wazee wa Webuye waliosema mbele ya kamera bila kuficha aibu zao.

"Hapana," alisema. "Hayo ni kweli. Yanafaa kusikika."

"Basi usiyachome pamoja na uongo. Filamu ya habari za kweli hukatwa, na kitabu vilevile, kama wewe unavyokata bati. Bati ni halisi, lakini umbo ni la fundi. Kwa hiyo mtazamaji lazima aulize: nani anasema? Amejuaje? Na vipande vilivyoachwa chini ni vipi?"

"Kuku," Nekesa alisema. "Kuku wangu ameachwa chini."

Waliandika barua kwa Kiswahili. Walisema ni maneno gani ya uongo. Walidai yaondolewe, na filamu isionyeshwe tena kabla wao hawajaiona. Kibali cha picha za Pauline hawakutoa. Wakhungu aliisoma barua mara mbili kabla ya kusaini. Nakala moja ilipelekwa kwa mwalimu mkuu wa Pauline, nyingine Kiarie aliipata kwa simu.

Jumapili ilipita, na Jumatatu pia. Wenzake Pauline walirudi shuleni. Sanduku lake lilibaki pale ukutani, na Wakhungu kila akiliona aligonga bati kwa nguvu zaidi.

Jumanne Kiarie alifika. Safari hii kamera ilikuwa ndani ya mkoba. Wakhungu alimwonyesha kiti. Nekesa akaleta ugali na sukuma wiki.

"Leo hakuna kuku," alisema. "Yule wa kwanza ulimla, halafu ukamkana."

Kiarie aliweka tonge chini. "Nilikosea, mama. Tulitaka watu waone uchungu. Nikaona kuku na vile vicheko vitapunguza uchungu, nikavitoa."

"Na mimi?" Pauline aliuliza. "Nani alikuambia nimeacha shule?"

"Nilikukuta nyumbani siku ya Jumatano."

"Ilikuwa Agosti! Hata wewe si ulisoma? Ama ulisahau likizo?"

"Sikuuliza," Kiarie alisema. "Niliona sufuria, nikajitungia."

"Sikiliza, kijana," Wakhungu alisema. "Niliishi Webuye nikiwa na kazi. Naishi hapa nikiwa na kazi. Umaskini wangu sikuuficha, uliuona. Lakini ukionyesha shida yangu bila bidii yangu, umeonyesha mtu mwingine. Sitaki ufute filamu. Itengeneze vizuri."

Kiarie alipiga simu shuleni hapohapo, mbele yao. Onyesho la Ijumaa likaahirishwa.

"Na picha zako?" alimuuliza Pauline. "Nizitoe?"

Pauline aliwaza. Akamtazama baba yake. "Itoe ile ya sufuria. Ukitaka, nitasema mwenyewe. Niko kidato cha pili, na nasoma chini ya paa ambalo baba yangu analilipia kwa nyundo."

Wakhungu aliitikia kwa kichwa. Ila kabla hajampiga picha, Kiarie aliandika kibali kipya, kwa Kiswahili, na wazazi wote wawili wakakisoma mpaka mwisho. Jumatano asubuhi, sanduku la Pauline lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kufuli.

Kiarie alileta filamu mpya baada ya siku kumi, wakaiona kwanza nyumbani kwa simu. Wiki iliyofuata Wakhungu na Nekesa walikaa katika bwalo la shule pamoja na wanafunzi. Kiwanda kilionekana, na wazee wa Webuye wakasema yao. Mara kuku wa madoadoa akatokea ukutani, mkubwa kama ng'ombe, akipita chini ya kamba za nguo huku Nekesa akimfukuza. Bwalo zima lilipasuka kwa kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Pauline.

Walipotoka, mwalimu mmoja alimuuliza Wakhungu kama majiko yake hupatikana mpaka Bungoma. Hakuna aliyemtia mkate mkononi.

Mwezi wa Desemba, mwanamke kijana aitwaye Cherop alipiga hodi Kipsongo. Alikuwa akiandika kitabu juu ya wafanyakazi wa zamani wa Webuye. Alianza kutoa karatasi mkobani. Wakhungu aliinua mkono.

"Kaa kwanza, binti. Kula."

Cherop alikula. Aliponawa mikono, Wakhungu alizipokea karatasi na kuzishika kwa vidole viwili, kama zamani. Kisha akageuka nyuma.

"Pauline, niletee miwani," alisema. "Na wewe, mgeni, usiwe na haraka. Zina kurasa nne, na tutazisoma zote."