Kura ya Kwanza ya Mama Chelagat

Kila alasiri Chelagat alitoka shuleni, akaosha vyombo, akapasha chakula moto, kisha akamngoja mama yake. Mama alikuwa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Bladensburg, Marekani. Mwaka huo wa 1998 alikuwa amepata uraia wa Marekani, na Jumanne angepiga kura kwa mara ya kwanza.

"Wiki hii nina zamu mbili kwa siku," mama alimwambia. "Nisomee magazeti haya. Nataka kujua wagombea wa bodi ya shule, na lile swali la kura kuhusu kaunti kukopa fedha."

"Sawa, Mama."

Chelagat hakusoma. Alitazama televisheni. Ijumaa mama alipouliza, alitaja jina aliloliona kwenye bango karibu na kituo cha basi. Kuhusu mkopo, alirudia maneno ya Wayne, mwanafunzi mwenzake: "Wanataka kuongeza kodi tu. Kataa."

Jumapili, baada ya ibada ya Kiswahili, akina mama walizungumzia uchaguzi, Chelagat akiwa kando yao.

"Mimi nitakataa mkopo," mama alisema kwa fahari. "Chelagat wangu amesoma yote."

Dorothea, Mtanzania mwenye binti aitwaye Queen, alishangaa. "Darasani kwa Queen paa linavuja. Nilidhani mkopo ni wa kukarabati shule. Kumbe sivyo, mwanangu?"

Wote wakamtazama Chelagat.

"Sijui," alinong'ona. "Sikusoma. Nilidanganya."

Tabasamu la mama likazimika. Hakumkaripia. Aliwageukia wenzake, akasema, "Nisameheni. Nimewaambia nisilolijua."

Chelagat alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama yake alikuwa akiomba radhi kwa kosa lisilo lake!

Alasiri hiyo walisoma pamoja. Yule wa kwenye bango hakugombea bodi ya shule hata kidogo, aligombea usherifu, cheo cha usalama cha kaunti. Mkopo nao ulikuwa wa kukarabati shule, ingawa kodi ingeweza kupanda kidogo. Chelagat alimpigia Dorothea simu, akamweleza pande zote mbili.

"Asante, mwanangu," Dorothea alijibu. "Sasa nitaamua mwenyewe."

Jumanne mama alipotoka kupiga kura, Chelagat alikuwa akimngoja mlangoni mwa kituo cha kura, macho chini.

"Mwanangu," mama alisema, "anayekuomba umsomee amekupa macho yake. Ukimdanganya, umempokonya kura yake. Hukusoma? Sema hukusoma. Aibu yake ni ndogo, tena hupita."

"Nisamehe, Mama."

Mama akamshika mkono, wakaelekea nyumbani.