Sauti Iliyotangulia Midomo

Soko la Konyo Konyo mjini Juba asubuhi ni kelele tupu, na katika kelele hizo Swaka alimkanyagia Teresina bamia kavu alizozianika kwenye turubai. Teresina, amejifunga shuka la lawa la rangi ya chungwa begani, alimsema mpaka wanunuzi wakacheka. Swaka alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, amekulia ukimbizini Uganda kama yeye. Alinunua zote zilizokanyagwa, na kesho yake akarudi kununua nzima.

"Wewe iko na mke anapika bamia yote hii?" Teresina akamtania.

"Mke ndio natafuta."

Basi mapenzi yakakolea, na kila jioni wakawa kwenye simu. Kisha Julai 2016 vita vikarudi mjini, na ukuta wa karakana ukamwangukia Swaka kichwani. Watu walisema amepona, kwa kuwa alitembea, akala, akashika tena mashine yake. Watu hupenda kusema fulani amepona, wasiulize zaidi.

Lakini sasa Teresina akiongea, Swaka alitazama chini. Akimshika kidevu amwinue uso, Swaka alifumba macho. Kwenye simu tu ndipo alirudi kuwa Swaka wa zamani, wa utani na "ya habibti", yaani mpenzi wangu. Wivu ukamtafuna Teresina, akidhani kuna mwanamke mwingine. Swaka naye alificha sababu, kwa maana aliogopa kuitwa mwendawazimu, na mwendawazimu hapewi binti.

Hata hivyo posa ikapangwa, na siku ilipofika wazee waliketi uani kwa kina Teresina, mtaa wa Munuki. Kwa desturi yao binti huitwa mbele ya wageni, aulizwe kama anamjua mwanamume huyu na kama anamkubali. Bila neno lake, ng'ombe wa mahari hawazungumzwi. Teresina alitoka na gauni la kitenge kipya, nywele zimesukwa, mafuta yananukia. Alipofungua kinywa tu, Swaka akageuza uso pembeni.

Mjomba Ezbon aliinuka. Alisema binti yao hakuokotwa jalalani, akawafukuza wageni kabla soda hazijafunguliwa. Teresina alizima simu yake na kulia kwa aibu, na mimi simlaumu.

Alipoiwasha tena baada ya wiki kadhaa, Swaka alipiga.

"Mimi siko na mwanamke mwingine, Teresina. Kichwa ndio imeharibika."

"Imeharibika namna gani?"

"Ukiongea mbele yangu, nasikia sauti kwanza. Midomo inafuata nyuma. Ni kama mtu mwingine anaongea ndani yako, na mimi naogopa. Daktari anasema ukuta iliumiza pahali kwa ubongo, pale macho na masikio zinakutana."

"Itapona?"

"Alisema nizoee tu."

Teresina akamuuliza kwa nini alimwaibisha mbele ya wazee.

"Nilitaka kusikia jibu yako vizuri," Swaka akasema. "Ndio nikageuka."

Teresina alichukua boda boda mpaka karakana. Alimkuta amekaa kwenye kipande cha bomba, kovu linang'aa juu ya sikio, mashavu yamekwisha. Uchungu ukamjaa.

"Sasa tukioana, mimi nitaongea na mgongo yako siku zote?"

Swaka aliinamisha kichwa. "Ukinyamaza, nitakuangalia."

Teresina akanyamaza. Swaka akainua macho, akamtazama polepole, paji la uso, macho, midomo iliyotulia, bila hofu hata chembe. Tangu vita hakuwa amemtazama hivyo. Teresina alijiona anapendwa, na papo hapo alijiona ameibiwa, kwa sababu alitaka kutazamwa hivyo huku akicheka na kupiga soga. Alijua hilo limekwisha. Angeweza kuondoka, na hakuna ambaye angemlaumu.

Alimpa mgongo.

"Ninakujua," alisema, neno kwa neno, kama alivyopaswa kusema uani. "Na nimekubali. Mjomba nitaongea naye mimi."

Swaka alisikia kila neno, akacheka kwa furaha. Machozi ya Teresina hakuyaona.