Skrini Nyeusi na Kiatu cha Jumatatu

Kila asubuhi, baba wa nyumba hii hufanya mambo matatu. Humpelekea mkewe chai kitandani. Hupiga hodi kwenye plasta ya mguu wake na kuuliza, "Wenyewe wamo?" Kisha huchukua ufunguo, huenda kufungua karakana, na kurudi kumtazama mgonjwa.

Mke wake ni fundi viatu. Hutengeneza viatu vya watoto wenye mguu mmoja mfupi, au miguu iliyopinda. Huchora kila kiatu kwenye kompyuta ya karakana. Printa hutoa mchoro, na mkataji ngozi, ambaye wote humwita Kisu, hukata akiufuata.

Wiki mbili zilizopita fundi aliteleza kwenye ngazi za karakana, akavunjika mguu. Karakana iko ghorofa ya tatu. Daktari alikataza ngazi kabisa.

"Fundi wa miguu kavunjika mguu!" mumewe alimtania. "Kweli mganga hajigangi."

Siku ile mke alicheka. Ijumaa hii hakuwa na cheko. Kulikuwa na msichana wa miaka saba, mguu wake wa kushoto mfupi. Jumatatu angeanza shule. Mchoro wa kiatu chake ulibakiza kisigino tu. Bila kisigino, Kisu hawezi kukata. Na mchoro umo ndani ya kompyuta ya karakana.

Jana jioni jirani yao alikuwa amewasaidia. Jirani huyo hutunza kompyuta za chuo, na mtaa mzima humwita Bi Waya. Aliandaa kompyuta ya karakana, inayotumia mfumo wa Linux, ili fundi aifungue akiwa nyumbani, kwenye laptop yake.

Asubuhi fundi aliweka laptop mapajani. Iliuliza jina na neno la siri. Akaandika. Ikakubali. Kisha skrini ikawa nyeusi tii. Katikati ulibaki mshale mmoja, basi.

Mume akampigia Kisu simu. "Zima kompyuta, uwashe tena!"

Kisu akazima, akawasha. Fundi akajaribu. Nyeusi.

"Zima tena!"

Nyeusi.

"Mume wangu, utaiua hiyo mashine," fundi alisema. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Niitie Bi Waya."

Bi Waya alikuja na kikombe chake cha chai mkononi. Hakugusa kitu. Aliuliza kwanza.

"Dada, ilikuuliza neno la siri?"

"Ndiyo."

"Ikalikubali?"

"Ikalikubali."

"Basi njia ni nzima. Kompyuta imekusikia na imekujua. Kinachokosekana ni picha tu. Shemeji, Kisu akishaiwasha, anafanya nini?"

Mume akatunisha kifua. "Anaingia kwa jina la mke wangu. Neno la siri nilimpa mimi, tangu siku alipovunjika, ili achapishe michoro ya zamani. Na leo amemfungulia kabisa, akute mambo tayari!"

Bi Waya aliweka kikombe chini polepole.

"Shemeji, wema wako ndio uliofunga mlango."

"Mimi tena?"

"Sikiliza. Mtu akiingia kwa jina lake, kompyuta humtandikia meza yake: michoro, vipicha, kila kitu. Kule Kisu amekaa kwenye meza ya dada. Dada naye anakuja kwa mbali, kwa jina lile lile, anataka meza nyingine. Kwa jinsi kompyuta hii ilivyopangwa, jina moja halipewi meza mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana anaonyeshwa giza."

"Lakini tumezima mara mbili!"

"Na mara zote mbili Kisu akaingia tena. Umemtoa mgeni mlangoni, ukamrudisha dirishani."

Fundi alicheka, plasta ikatikisika. Mumewe akajikuna kisogo.

Bi Waya alichukua simu. "Kisu, kuna kazi uliyoiacha wazi?"

"Mchoro mmoja, Bi Waya."

"Uhifadhi kwanza. Umehifadhi? Sasa toka kwenye jina la Mama Fundi. Toka tu, usizime. Ukizima, huku hatutakuwa na wa kutuitikia."

"Nimetoka. Inauliza jina."

"Iache hivyo hivyo. Usiiguse hata kwa kucha."

Fundi aliandika tena jina na neno la siri. Giza likaja. Moja, mbili, tatu. Mume alikuwa ameshika mto kwa mikono miwili.

Picha ikafunguka.

Ilikuwa meza yake. Ile ile, na picha ya wanawe nyuma yake, na michoro yake imejipanga safu kwa safu.

"Nimefika," fundi alinong'ona. "Nimefika karakana, na sijashuka kitandani."

Lakini maandishi yalikuwa madogo kama chawa, na ukingo wa mchoro ulikatika. Bi Waya hakushtuka. "Ukubwa wa picha haujalingana na skrini yako. Funga, uchague ukubwa wa laptop hii kabla ya kuunganisha." Fundi akafanya. Mchoro ukajaa skrini, kila mstari ukasomeka.

Alichora kisigino kwa saa nzima. Kisha akabonyeza kuchapisha.

Simu ikalia papo hapo. "Mama Fundi!" Kisu alipaza sauti. "Printa inanguruma! Hakuna mtu! Karatasi inatoka yenyewe!"

"Karatasi hiyo ina nini?"

Kisu aliiendea karatasi. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya chini. "Ina kisigino, Mama. Kisigino cha yule mtoto."

Mume alikaa kitandani. Aliutazama mkono wa mkewe, kama mkono asioujua, ingawa aliuoa miaka kumi na minane iliyopita.

"Usinitazame hivyo," mkewe alisema. "Mpigie mama wa mtoto. Mwambie Kisu anakata."

Kabla ya kuondoka, Bi Waya aliwaachia maagizo mawili. Fundi abadilishe neno lake la siri leo hii, na asimpe mtu, hata mume. Naye Kisu angetengenezewa jina lake mwenyewe, akae kwenye meza yake. Jumamosi jina hilo likawa tayari. Kisu alikata na kushona siku nzima, na Jumapili pia.

Jumatatu asubuhi fundi alikuwa kitandani, dirisha limefunguliwa. Zamani aliujua mwendo wa mtoto yule kwa sauti: ko, kisha mburuzo. Ko, kisha mburuzo. Leo alisikia hatua zikija barabarani.

Ko, ko. Ko, ko.

"Wenyewe wamo?" mumewe aliuliza, akipiga hodi kwenye plasta.

"Nyamaza," alisema fundi. "Anapita."